Arubuni Kwanza: Jinsi ya Kutengeneza na Kuuza Pedali za Gitaa Ukiwa Takaungu Bila Kula Hasara

Ukitengeneza kitu kwa mkono, pesa inatoka mfukoni mwako siku nyingi kabla ya kurudi. Fundi viatu anajua hivyo, mshona madera anajua, seremala pia anajua. Leo tunachukua kazi moja ambayo si wengi wanaifanya hapa Pwani, yaani kutengeneza pedali za gitaa, tuipigie hesabu kuanzia kifaa cha kwanza mpaka malipo ya mwisho kuingia kwenye simu. Kama kazi yako ni nyingine, usiondoke. Mahali tunaposema pedali, wewe weka kitanda, dera au mlango wa kuchonga. Hesabu ni ile ile.

Pedali ni kitu gani hasa?

Ukitazama bendi ikipiga hotelini au kanisani, utaona mpiga gitaa ana visanduku vidogo vya chuma sakafuni, na mara kwa mara anakikanyaga kimoja. Hizo ndizo pedali. Waya unatoka kwenye gitaa, unaingia kwenye pedali, kisha unaendelea mpaka kwenye amplifaya. Kazi ya pedali ni kubadilisha sauti katikati ya safari hiyo. Kuna inayoleta mwangwi, kuna inayotetemesha sauti, na kuna inayoikwaruza hadi gitaa linaunguruma. Hii ya kukwaruza huitwa fazi, na ndiyo rahisi zaidi kwa fundi anayeanza.

Inafanyaje kazi? Umeme unaotoka kwenye gitaa ni mdogo sana. Ndani ya fazi kuna transista moja, mbili au tatu, ambazo zinaukuza umeme huo. Lakini pedali inatumia betri ya volti 9, na wimbi haliwezi kukua kupita pale betri inapofikia. Likifika ukingoni, vilele vyake vinakatwa. Sikio lako linasikia ule mkato kama mkwaruzo mtamu. Hakuna uchawi.

Sauti hii yenyewe ilianza kwa bahati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Nashville, Marekani, kifaa cha studio kiliharibika wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins, na gitaa la besi likatoka likikwaruza. Badala ya kuitupa sauti hiyo, fundi mitambo Glenn Snoddy aliichunguza, akashiriki kuunda kisanduku cha kuitoa makusudi. Mwaka wa 1962 kisanduku hicho kikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwanzoni hakikuwa na wanunuzi wengi. Rolling Stones walipokitumia katika wimbo wao mkubwa wa 1965, watu wakakigombania.

Na usifikiri kuunda vyombo vya sauti ni kazi ya wazungu pekee. Kule Kinshasa, kundi la Konono Nº1 la marehemu Mingiedi Mawangu lilitengeneza maikrofoni zake kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari ili likembe zisikike katikati ya kelele za jiji. Albamu yao ya mwaka 2004, Congotronics, ilizunguka dunia nzima, na watu waliipendea mkwaruzo ule ule wa vyombo vya kujiundia. Hapa kwetu, Kilifi ndiko alikozaliwa Fundi Konde, anayetajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Kwa hiyo gitaa la umeme si mgeni katika kaunti hii.

Kwa nini ukiwa Takaungu malipo yanakuwa jambo kubwa

Takaungu ni mji mdogo wa kale kando ya mkono wa bahari, kusini kidogo mwa mji wa Kilifi. Ukitengeneza pedali hapo, wateja wako hawatapita mlangoni. Mmoja ni mpiga gitaa wa bendi ya hoteli Watamu au Malindi. Mwingine anapigia kwaya ya kanisa Mtwapa. Mwingine yuko Nairobi, ameona video yako kwenye simu. Wote hawajawahi kuiona karakana yako, na wewe hujawahi kuwaona.

Sasa hapo ndipo mvutano unapoanza. Mteja anaogopa kutuma pesa halafu fundi aingie mitini. Fundi naye anaogopa kununua vifaa, akakesha akilehemu, halafu mteja asipokee simu. Wote wawili wana haki ya kuogopa. Pwani tuna dawa ya kale ya hofu hii, nayo ni arubuni: kitangulizi kinachofunga mapatano. Mzee aliyeagiza kitanda kwa seremala aliacha arubuni. Simu haikubadilisha desturi hiyo. Imeirahisisha tu, na imeipa ushahidi.

Swali ni moja: arubuni iwe kiasi gani? Watu wengi husema nusu, basi. Lakini nusu bila hesabu ni kubahatisha. Tuanze na gharama.

Gharama ya pedali moja

Bei zifuatazo ni za mfano tu, ili uone jinsi ya kupanga. Wewe weka bei halisi ulizonunulia. Vifaa vingi vya elektroniki vinapatikana Nairobi, hasa maduka ya Luthuli Avenue, na vingine unaagiza nje ya nchi.

- Kisanduku cha alumini: Sh 900
- Swichi ya kukanyaga, ile yenye miguu tisa: Sh 350
- Jeki mbili za waya wa gitaa: Sh 160
- Vidhibiti vitatu vya kuzungusha: Sh 180
- Vifuniko vyake vitatu: Sh 120
- Transista, resista, kapasita na dayodi: Sh 150
- Kipande cha bodi ya kulehemia: Sh 100
- Taa ndogo ya LED na kishikio chake: Sh 40
- Tundu la kuchomekea chaja ya volti 9: Sh 50
- Waya na solda: Sh 100
- Kishikio cha betri: Sh 30
- Rangi na vanishi: Sh 150
- Boksi la kufungia mzigo: Sh 70

Jumla ni Sh 2,400. Mafundi wengi huishia hapo, wakauza Sh 3,500 wakifikiri wamepata faida ya Sh 1,100. Hawajapata. Wamejilipa kidogo, na faida hakuna.

Ongeza saa zako. Kutoboa kisanduku, kupaka rangi, kulehemu, kujaribu na kupiga picha: tuseme saa 6. Ukijilipa Sh 250 kwa saa, hiyo ni Sh 1,500. Tumefika Sh 3,900. Ongeza akiba ya kuharibikiwa, maana swichi mbovu zipo na transista huungua. Tenga asilimia 10 ya vifaa, Sh 240. Ongeza nauli ya kupeleka mzigo stejini, bando na ada za kutuma pesa unaponunua vifaa, Sh 160. Sasa jumla ni Sh 4,300.

Hiyo ndiyo gharama yako halisi. Ukiuza Sh 5,500, faida ni Sh 1,200. Hii faida si mshahara wako. Mshahara ulishajilipa ndani ya zile saa 6. Faida ni ya biashara: kununua drili bora, kununua vifaa kwa jumla, au kustahimili mwezi ambao wageni ni wachache na bendi za hoteli hazinunui kitu.

Arubuni iwe kiasi gani?

Shika kanuni hii: arubuni isipungue gharama ya vifaa. Katika mfano wetu, nusu ya Sh 5,500 ni Sh 2,750. Vifaa ni Sh 2,400. Kwa hiyo nusu inatosha, na inabaki Sh 350. Mteja akitoweka, umepoteza muda lakini mfuko wako haujaguswa, na pedali unayo, unaweza kumuuzia mwingine.

Lakini tuseme mteja anataka jina la bendi yake lichorwe juu, na rangi za klabu yake ya mpira. Pedali hiyo akiikataa, nani mwingine ataitaka? Hapo nusu haitoshi. Omba asilimia 70, yaani Sh 3,850. Kwa maneno mengine, kadiri kitu kinavyokuwa cha mtu mmoja, ndivyo arubuni inavyopanda. Mshona madera anaijua siri hii: dera la saizi ya kawaida litapata mtu, lakini gauni la harusi lililopimwa kwa mwili wa bibi harusi mmoja halina mnunuzi wa pili.

Na jamaa je? Binamu, jirani, rafiki wa utotoni, yule anayesema, "Bro, nitakutumia mwisho wa mwezi." Mpunguzie bei ukitaka, lakini usimpunguzie arubuni. Punguzo linatoka kwenye faida, na faida ni yako kuigawa. Arubuni inanunua vifaa, na duka la vifaa halina ujamaa na yeyote.

Andika mapatano kabla pesa haijatumwa

Kabla mteja hajatuma chochote, mwandikie ujumbe mfupi. Si lazima uwe wa kisheria. Unaweza kuwa hivi:

"Pedali moja ya fazi, rangi ya bluu, vidhibiti vitatu. Bei Sh 5,500. Arubuni Sh 2,750, baki Sh 2,750 kabla ya kutumwa. Itakuwa tayari siku 14 baada ya arubuni. Nikichelewa zaidi ya siku 7, unaweza kudai arubuni yako yote. Ukighairi baada ya kazi kuanza, vifaa vilivyotumika vitakatwa. Ukikubali, jibu NDIYO."

Ona kwamba ujumbe huu unamlinda mteja na fundi sawasawa. Mteja ameahidiwa kurudishiwa pesa ukimchelewesha. Fundi ameahidiwa vifaa vyake mteja akigeuka. Mtu akijibu NDIYO, mna mapatano yenye tarehe na saa kwenye simu zote mbili. Mkizozana miezi miwili baadaye, hakuna haja ya kuapizana. Mnafungua simu, mnasoma.

Kupokea pesa: mambo matano

1. Tenga pesa ya kazi na pesa ya nyumbani. Tumia namba ya tili au laini nyingine kwa ajili ya biashara. Arubuni ya mteja ikichanganyika na pesa ya unga na ada ya shule, itakwenda na unga, halafu siku ya kununua swichi utakuwa unakopa.

2. Angalia salio lako mwenyewe. Picha ya skrini si pesa. Ujumbe uliosambazwa kutoka simu ya mteja si pesa. Hata ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kampuni unaweza kuwa wa kughushi. Fungua menyu, tazama salio au taarifa ya akaunti. Ikiwa haimo, haijaingia.

3. Jihadhari na "nimetuma kimakosa". Tapeli anakutumia ujumbe bandia wa Sh 5,500, kisha anapiga simu akilia kwamba ilikuwa ya hospitali, umrudishie. Usitume kitu kutoka mfukoni mwako. Mwambie apige simu kwa huduma kwa wateja ya kampuni yake ya simu, waishughulikie kwa utaratibu wao. Aliyekosea kweli atapiga. Tapeli atakutukana na kukata simu.

4. Hifadhi namba ya muamala. Usifute ujumbe wa malipo. Namba hiyo ndiyo inayotambulisha muamala wako, na ukihitaji msaada ndiyo utakayoulizwa.

5. PIN ni yako peke yako. Hakuna mteja, wakala wala mfanyakazi wa kampuni anayeihitaji ili upokee pesa. Kupokea pesa hakuhitaji PIN kabisa. Mtu akikwambia uiingize "ili malipo yapite", anataka kukutoa, si kukulipa.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Methali hii hubandikwa ukutani madukani, lakini wengi tunaisoma tukisubiri chenji na kuisahau. Kwa fundi wa pedali, daftari ni rahisi. Kila pedali ipe namba: 001, 002, 003. Andika namba hiyo ndani ya kifuniko kwa kalamu isiyofutika. Kisha kwenye daftari andika mstari mmoja: namba ya pedali, jina la mteja, tarehe ya arubuni, namba ya muamala wa arubuni, namba ya muamala wa baki, na tarehe ya kutuma mzigo.

Pedali ikirudi baada ya mwaka ikiwa imenyamaza, unafungua kifuniko, unasoma 017, na daftari linakuambia kila kitu. Ukienda kuomba mkopo wa kukuza kazi, daftari hilo pamoja na taarifa ya akaunti yako ya simu vitazungumza kukushinda wewe.

Kutuma mzigo

Pedali ikiwa tayari, rekodi video fupi: namba ndani ya kifuniko, kisha kifuniko kinafungwa, kisha gitaa linapigwa na pedali inasikika ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Mtumie mteja. Sasa ana sababu ya kulipa baki, maana ameiona na kuisikia. Baki ikiingia, na salio umelitazama mwenyewe, funga mzigo.

Ukituma kwa ofisi ya mabasi au matatu za barabara ya Mombasa na Malindi, chukua risiti ya mzigo, ipige picha, umtumie mteja. Mteja asiyetaka kulipa baki kabla ya kuiona pedali ana haki ya kusema hivyo. Mpe njia nyingine: mkutane Kilifi mjini mchana, mahali penye watu, aijaribu, alipe hapo hapo, uangalie salio, akabidhiwe.

Mambo matatu ya fundi ya kukupunguzia madai

Mteja akirudisha pedali mbovu, pesa nayo inarudi. Kwa hiyo ubora ni sehemu ya malipo.

La kwanza, hewa ya bahari. Chumvi na unyevu vinakula jeki, swichi na viungo vya solda. Safisha bodi baada ya kulehemu, ipake vanishi nyembamba ya umeme, ila usiguse sehemu za ndani za swichi na vidhibiti. Ndani ya boksi weka kale kapakiti kadogo ka kunyonya unyevu kanakokuja na viatu vipya.

La pili, umeme ulioingia kinyume. Pedali nyingi duniani hutumia chaja ya volti 9 yenye hasi katikati. Mteja akichomeka chaja ya kifaa kingine yenye chanya katikati, vifaa vinaungua. Weka dayodi moja ya kinga kwenye njia ya umeme, na uandike pembeni mwa tundu: 9V, HASI KATIKATI. Dayodi hiyo ni ya shilingi chache. Kubadilisha transista na kulipia mzigo kurudi Takaungu si shilingi chache.

La tatu, betri inayoisha bila sababu. Tumia jeki yenye miguu mitatu upande wa kuingilia, uiunge ili waya wa gitaa ukichomolewa, betri ikatike. Stima ikipotea katikati ya shoo, pedali ya betri haiyumbi, lakini betri lazima iwe na kitu ndani.

Kama wewe ndiye mnunuzi

Kanuni hizi zinakufaa pia. Kabla ya kubonyeza tuma, soma jina linalotokea kwenye simu: ndilo la fundi uliyeongea naye? Omba mapatano kwa maandishi. Omba video ya kazi zake za nyuma, na uulize tarehe ya kumaliza. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa. Na usilipe bei yote mwanzoni kwa mtu usiyemjua, hata kama anakupa punguzo kubwa. Punguzo linalokuhitaji ulipe yote sasa hivi, kabla ya saa sita, mara nyingi ndilo ghali kuliko yote.

Anza leo

Chukua kitu kimoja unachotengeneza. Andika kila kifaa kinachoingia ndani yake na bei yake, hata msumari. Jumlisha. Namba hiyo ndiyo arubuni yako ya chini kabisa, na mteja wa kwanza atakayepiga simu kesho mtajie hiyo bila haya. Mteja wa kweli ataelewa, kwa sababu hata yeye hataki fundi aliyeishiwa pesa katikati ya kazi yake.